Shamba la Mbeya, Kodi ya Muungano

(Maneno yaliyosomwa na mwanachama mwenzetu, mwenye duka, mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Yanachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria, na kwa faida ya wasiojaaliwa kufika.)

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Nimetakiwa na Kamati niseme maneno machache juu ya kodi za ardhi na misamaha yake, na khasa namna mabadiliko ya misamaha hiyo yanavyowagusa wenye mashamba wa Nyanda za Juu Kusini, yaani Mbeya na Iringa. Najua wamo humu ndani watakaojiuliza, na pengine wameshaanza kunong'onezana: sisi watu wa visiwani tuna nini na Mbeya na Iringa? Mashaka yetu wenyewe yanatutosha. Kwa nini tujitwike na ya watu wa milimani?

Suali hilo ni la haki, na halistahiki kupuuzwa. Majawabu yake ni mawili.

Jawabu la kwanza limo ndani ya vyungu vyetu. Mchele tunaouita mchele wa Mbeya, mbatata tunazokaangia chipsi, maharage, mahindi ya unga, na mbao za kuezekea nyumba zetu, sehemu kubwa ya vitu hivyo hutoka katika nchi hiyo, hupita Dar es Salaam, kisha huvuka bahari. Sisi wauza duka twajua kwamba ushuru hausemi, bali bei husema. Mkulima akibanwa kule juu, mama wa nyumba huku pwani hulipa bila ya kujua anamlipa nani.

Jawabu la pili limo katika Katiba. Ardhi si jambo la Muungano. Bara wana sheria zao za ardhi, nasi tuna zetu. Lakini kodi ya mapato imeandikwa katika orodha ya mambo ya Muungano iliyoambatishwa na Katiba ya mwaka 1977. Kwa hiyo sheria ya ardhi ya Mbeya haivuki bahari, ama Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inavuka. Mstari mmoja wa sheria hiyo unamshika mwenye shamba la mpunga Mbarali, na mstari huo huo unamshika mwenye shamba lake Micheweni au Makunduchi. Jambo likiwa moja kwa watu wawili, mwenye akili hamsikilizi mmoja akamziba mwenzake mdomo.

NCHI NA WENYE MASHAMBA WAKE

Wazee wetu waliosoma jiografia ya zamani walilijua Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini. Baadaye ikawa mikoa miwili mikubwa, Mbeya na Iringa. Siku hizi imegawika tena, kwani Njombe ilitolewa katika Iringa mwaka 2012, na Songwe ikatolewa katika Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya baridi, ya mvua, na ya udongo mwema. Bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, hulimwa mpunga wa mifereji. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, hutoa mchele wenye harufu nzuri. Uyole na Umalila hutoa mbatata. Rungwe hutoa ndizi na chai. Mufindi ina chai na ina msitu mkubwa wa Serikali wa Sao Hill.

Wenye ardhi katika nchi hiyo ni wa namna mbili, na asiyewatenga hawezi kuifahamu kodi yao.

Wa kwanza ni wenye mashamba makubwa. Wakati wa ukoloni walikuwamo walowezi waliomiliki ardhi milki ya daima. Tanganyika ilipojitawala, sheria ya mwaka 1963 iliigeuza milki ile ikawa ardhi ya kukodi kwa Serikali kwa miaka 99, na mwaka 1969 ikageuzwa tena ikawa haki ya kumiliki inayotolewa na Serikali. Mwenye haki hiyo hulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Wengi wa namna hii leo ni makampuni, na makampuni yana makarani, vitabu vya hesabu na mawakili.

Wa pili ni wanakijiji. Hao ardhi yao inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Haki yao ni ya kimila, na wanaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Mbozi, iliyokuwa wakati ule katika Mkoa wa Mbeya, ilikuwa katika wilaya za mwanzo kabisa kujaribu kutoa hati hizo. Na katikati ya miaka ya 2010, kwa msaada wa Marekani, vijana wa kijiji cha Ilalasimba, wilaya ya Iringa, walifundishwa kupima mipaka ya mashamba yao kwa simu za mkononi, na kazi ile ikaenea vijiji vingine.

Hati ni neema. Mwenye hati ana la kumwonyesha jirani mkorofi na ana la kuweka rehani benki. Lakini ardhi iliyopimwa na kuandikwa ni ardhi inayoonekana, na inayoonekana hutiwa thamani, na yenye thamani hutafutwa na wanunuzi. Watu wa mjini na makampuni wamepanda milima ya Mufindi na Kilolo kutafuta mahali pa kupanda miti ya mbao. Shamba ambalo baba aliligawa bure kwa wanawe, leo lina bei. Na penye bei, kodi haiko mbali.

MISAMAHA NA VIPIMO VYAKE

Ndugu zangu, kila msamaha wa kodi una kipimo chake. Sheria husema: aliye chini ya hapa tumemwacha, aliye juu ya hapa alipe. Nataka tuitazame misamaha michache inayomhusu mwenye shamba wa nchi ile, na katika kila mmoja tusitazame ukubwa wa msamaha tu, bali tutazame ule mstari umechorwa kwa wino gani.

Msamaha wa kwanza ni wa ushuru wa mazao, unaotozwa na halmashauri. Zamani ushuru huu ulifika asilimia 5 ya bei. Mwaka 2017 Bunge liliupunguza ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikaamriwa kuwa mtu anayesafirisha mazao yake yasiyofika tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Hili lilikuwa jambo jema, nasi hatuoni haya kulisifu kwa sababu limefanywa na wasiokuwa wetu. Mwenye insafu husema kweli hata kwa faida ya mpinzani wake.

Tutazame basi mstari wake. Umechorwa kwa uzito: tani moja, yaani magunia 10 ya kilo 100. Tani ya mwaka 2017 ni kilo 1,000, na tani ya mwaka wowote utakaokuja ni kilo 1,000. Bei ya mbatata ipande au ishuke, shilingi iwe na nguvu au iwe dhaifu, kipimo hakitikisiki. Kasoro yake ni moja, nayo ni ile lumbesa tuijuayo, gunia lililovishwa kofia ya mbatata juu ya mdomo wake, ambalo mkulima hulipwa gunia moja na hali amejaza gunia na zaidi. Magunia 10 ya lumbesa yanapita tani. Basi anayemshurutisha mkulima ajaze lumbesa humdhulumu mara mbili, kwa bei na kwa msamaha. Lakini hiyo ni dhulma ya wanunuzi, si ya mstari wa sheria.

Msamaha wa pili ni wa mitambo ya kilimo. Sheria ya Kodi ya Mapato humruhusu mwenye shamba anayeweka hesabu kuitoa gharama ya mitambo inayotumika katika kilimo peke yake, yote kamili, asilimia 100, katika mapato yake kabla ya kutozwa kodi. Akinunua trekta, thamani yote ya trekta hutolewa. Mstari wa msamaha huu umechorwa kwa sehemu ya mia. Trekta ikiwa ghali zaidi mwakani, msamaha nao hukua pamoja nayo, wala haitakikani sheria mpya. Ni msamaha mwema, na kilimo kinauhitaji. Lakini nani anaupata? Anaupata mwenye trekta na vitabu vya hesabu. Mwenye jembe la mkono hana cha kutoa.

Msamaha wa tatu ni katika kodi ya majengo kule Bara. Mwaka 2018 ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2021 ikaanza kukatwa katika umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kila mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka. Na mwaka 2023 ikapandishwa ikawa 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000. Mzee aliyetimiza miaka 60 husamehewa nyumba anayoishi mwenyewe. Kodi hii imeleta manung'uniko, khasa kwa mpangaji anayekatwa kodi ya nyumba isiyokuwa yake kwa kuwa yeye ndiye anunuaye umeme. Hata hivyo iliposogezwa, ilisogezwa mchana. Waziri alisimama, akasema, wabunge wakajadili, magazeti yakaandika, na mwananchi akajua nani aliyempandishia na kwa kiasi gani.

Sasa nakuja katika msamaha wa nne, nao ndio ulionileta mbele yenu.

MSTARI WA MILIONI 10

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inasema kuwa mkaazi wa nchi akiuza ardhi au jengo lake, hulipa asilimia 10 ya faida aliyoipata. Kisha ikamkumbuka mkulima. Ikasema kuwa ardhi ya mtu binafsi ambayo thamani yake sokoni haifiki shilingi milioni 10 siku ya kuuzwa, na iliyotumika kwa kilimo si chini ya miaka miwili katika ile mitatu iliyotangulia kuuzwa, haimo katika kodi hiyo. Waliotunga maneno haya walikuwa na nia njema. Walitaka mkulima mdogo anayeuza kipande chake kwa dhiki, kwa ajili ya ugonjwa au ada ya skuli, asikatwe.

Lakini mstari huu umechorwa kwa wino wa shilingi. Uliandikwa milioni 10 mwaka 2004, na katika toleo la sheria lililorekebishwa la mwaka 2019 ulisomeka milioni 10 vile vile. Mwaka 2004 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi zipatazo 1,100. Basi milioni 10 zilikuwa kiasi cha dola 9,000. Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,500. Basi milioni 10 zile zile hazikufika dola 4,000. Neno ni lile, tarakimu ni ile, lakini kilichomo ndani hakikufika hata nusu ya kile kilichowekwa.

Wenye maduka tunalifahamu hili kwa mfano wa pishi. Mtu anayo pishi ya mti, nzuri, aliyorithi kwa babu yake. Mchwa wakaingia wakaila kwa ndani kidogo kidogo. Kwa nje ni pishi, na jina lake ni pishi, na mwenye nayo ataapa kuwa hajaibadilisha. Naam, hajaibadilisha, lakini mteja hapati pishi tena. Msamaha ulioganda, hali bei za ardhi zinakwenda mbele, ni pishi iliyoliwa na mchwa. Kodi imepanda, wala hapana waziri aliyesimama kusema imepanda.

Na ubaya wake hauishii hapo, kwani mstari wenyewe ni kama ukingo wa jabali: chini yake hulipi kitu, ukiugusa unalipa juu ya faida yote. Tupige hesabu. Tuseme mkulima wa Igurusi alinunua shamba mwaka 2005 kwa shilingi milioni 3, na ana risiti yake. Akiliuza kwa shilingi 9,900,000, hatozwi, na anakwenda nyumbani na 9,900,000 zake. Akiliuza kwa shilingi 10,200,000, faida yake ni 7,200,000, na kodi ni 720,000. Anakwenda nyumbani na 9,480,000. Yaani aliyepata bei kubwa zaidi ametoka na fedha kidogo zaidi. Tena faida yenyewe imehesabiwa kana kwamba shilingi ya mwaka 2005 na shilingi ya leo ni ndugu wa tumbo moja.

Haki inanitaka niseme kuwa mwaka 2023 Bunge lilileta tahafifu. Lilisema kuwa mkaazi asiyekuwa na kumbukumbu za gharama zake atozwe asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Hili liliwafaa wengi, kwani mkulima aliyerithi shamba kwa baba yake hana risiti. Kabla ya hapo bei yote ingeweza kuhesabiwa faida. Katika mfano wetu, asiye na risiti ameuza kwa 10,200,000, atalipa 306,000, na kubakiwa na 9,894,000. Ni afadhali kubwa, lakini tazameni mambo mawili. Kwanza, bado amepata pungufu kuliko yule aliyeuza kwa 9,900,000, kwa hiyo jabali bado lipo. Pili, mwenye risiti amelipa 720,000 na asiye na risiti amelipa 306,000. Risiti humfaa yule tu ambaye gharama zake zimepita asilimia 70 ya bei. Sheria inayomtoza mwenye kuweka kumbukumbu zaidi ya asiyeweka inawafundisha nini raia wake?

Na ukingo huu wa jabali hufundisha jambo jingine baya zaidi, nalo ni kuandika uwongo. Muuzaji na mnunuzi hukaa wakakubaliana 12,000,000, kisha katika karatasi wakaandika 9,800,000. Muuzaji hudhani amepona. Siku mnunuzi akikataa kumalizia fedha, mkulima ataonyesha nini mbele ya hakimu? Karatasi inasema 9,800,000, na saini ni yake. Dini yetu imetuamrisha mikataba iandikwe kwa uadilifu na mashahidi wawepo. Sheria ya kodi isiwe ndiyo inayomsukuma mnyonge kuivunja amri hiyo, kisha abaki bila ya mtetezi. Na asidhani kuwa atapita kimya kimya, kwani msajili wa ardhi hatakiwi kuandikisha uhamisho mpaka aonyeshwe cheti cha mamlaka ya kodi.

Liko pia lile sharti la miaka miwili katika mitatu. Mjane ambaye mumewe aliugua miaka miwili, na shamba likalala kwa kukosa mikono, siku akiliuza ili alipe madeni ya maradhi huambiwa ardhi yake haikutumika kwa kilimo. Msamaha uliowekwa kwa ajili ya mwenye dhiki unamkimbia siku dhiki ilipomfika.

Sasa pimeni misamaha hii kwa mizani moja. Msamaha wa mwenye trekta umepimwa kwa sehemu ya mia, nao unaishi. Msamaha wa mwenye jembe umepimwa kwa shilingi, nao unakufa. Sisemi kuwa kuna mtu aliyekaa usiku akapanga iwe hivyo. Nasema kuwa mwenye mtambo ana karani wa kumkumbushia waziri, na mwenye jembe hana.

KIPIMO KISICHOOZA

Tuliosoma chuoni tulifundishwa zaka ya mazao kabla hatujajua neno bajeti. Sitaki kumlazimisha Mkristo wa Tukuyu fikihi yangu. Nataka tutazame hekima ya vipimo vyake. Kwanza ipo nisabu, nayo katika nafaka ni awsaki 5, kila wasaki moja ni saa 60, jumla saa 300, kipimo ambacho walimu wetu hukifasiri kwa pishi. Aliye chini ya hapo hadaiwi. Nisabu hiyo haikuwekwa kwa dirhamu, imewekwa kwa nafaka yenyewe, na karne zaidi ya 13 zimepita wala haikuhitaji kurekebishwa. Pili, anayelima kwa mvua hutoa sehemu moja katika kumi, na anayemwagilia kwa taabu na gharama hutoa moja katika ishirini. Yaani jasho limehesabiwa. Ushuru wa mazao wa leo haumtofautishi mkulima wa mbatata wa Uyole anayengoja mvua na mkulima wa Usangu anayegharimika kwa mifereji.

Na wanaodhani kuwa mambo haya ni ya nchi maskini, watazame Uingereza. Kule kuna kodi ya mirathi, ambayo kwetu haipo. Kwa miaka mingi mashamba na mali za biashara zilisamehewa kodi hiyo. Tarehe 30 Oktoba 2024, Waziri wa Fedha, Bibi Rachel Reeves, alitangaza kuwa kuanzia Aprili 2026 msamaha kamili utakomea pauni milioni 1, na kinachozidi kitatozwa asilimia 20. Novemba ile ile maelfu ya wakulima walikusanyika London, na matrekta yakaingia mjini. Mabishano yakaendelea, na Desemba 2025 Serikali ile ile ikatangaza kukipandisha kikomo hadi pauni milioni 2.5.

Lakini katika nchi hiyo hiyo kuna mstari mwingine, ule wa pauni 325,000 ambao chini yake mtu yeyote halipi kodi ya mirathi. Huo umeganda pale pale tangu mwaka 2009, bei za nyumba zikapanda, na familia nyingi zikaingia katika kodi moja baada ya moja, bila ya trekta hata moja kuja mjini. Mabadiliko yaliyotangazwa yaliwatoa watu majumbani. Mabadiliko yaliyonyamaza yaliwachukua wakiwa wamelala. Na hivyo ndivyo ulivyo mstari wetu wa milioni 10.

TUNALOLITAKA

Mheshimiwa Mwenyekiti, chama kisichokuwa madarakani hakina hazina, wala hakina askari. Kina ulimi wake na hoja zake. Serikali ina haki ya kutoza kodi, kwani barabara, zahanati na skuli hazijengwi kwa dua peke yake. Tunalolipinga ni kodi inayopanda bila ya kutangazwa. Kwa hiyo napendekeza chama chetu kishike mambo manne, na kiyaseme kila kitakapopata nafasi, katika Bunge, katika Baraza, na barazani kwetu.

Kwanza, kikomo cha msamaha wa shamba kisiachwe peke yake na shilingi. Ama kipimwe kwa eka, ama kipandishwe kila mwaka kwa kiasi cha kupanda kwa bei kinachotangazwa na ofisi za takwimu za Serikali.

Pili, ukingo wa jabali uvunjwe. Atakayekipita kikomo atozwe juu ya kile kilichozidi tu. Hapo hatakuwapo mtu wa kufaidika kwa kuandika uwongo.

Tatu, sharti la miaka miwili katika mitatu liwe na mlango wa mjane, yatima na mgonjwa.

Nne, kila mabadiliko ya misamaha yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa katika ofisi za vijiji na shehia. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Basi mkulima asisubiri kuelezwa haki yake na dalali.

Na ninyi ndugu wanachama, wakati tukingoja hayo, nakuusieni. Mwenye kuuza shamba asiandike bei isiyo ya kweli, hata akishawishiwa. Mwenye kujenga, kuchimba kisima au kupanda miti aweke karatasi za gharama zake. Mwenye kuugua na shamba lake likalala, alikodishe au amwachie jamaa alime japo sehemu, na sheha ajue. Na mwenye jamaa au mwenye kumnunulia mali huko Mbeya na Iringa amfikishie maneno haya, kwani huyo si mtu wa mbali. Yumo pamoja nasi ndani ya mstari mmoja wa sheria moja.

Tumezoea kulalamika kuwa katika Muungano huu hatusikilizwi. Ni kweli tumelalamika, na tuna sababu. Lakini anayetaka kusikilizwa na wengi hana budi ajue wengi wanaumwa wapi. Siku mkulima wa Rungwe atakaposikia kuwa watu wa visiwani ndio waliousema mstari wake wa milioni 10, hatatuona tena kuwa ni watu wa manung'uniko ya peke yetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu umepita chini ya bahari, umefika pande zote mbili.

Namuomba Mwenyezi Mungu atujaalie mizani zilizo sawa, madukani mwetu na katika sheria zetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.